Steve McQueen: Staa wa Hollywood aliyecheza na kasi maisha yake yote, akaja kuuawa na vumbi

Ilikuwa Machi 21, 1970, mjini Sebring, jimbo la Florida nchini Marekani. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, magari yalikuwa yamejipanga kwa mbio za saa 12 mfululizo. Ndani ya Porsche 908 moja kulikuwa na dereva aliyefungwa hogo mguu wa kushoto, yaani mguu wenyewe wa kukanyagia klachi.

Mguu huo aliuvunja wiki mbili tu nyuma kwenye mbio za pikipiki. Mtu mwingine angebaki nyumbani anakula matunda ya wagonjwa. Huyu alibandika msasa chini ya hogo ili mguu usiteleze kwenye pedeli, akaingia barabarani.

Jina lake Steve McQueen. Zilikuwa zimebaki siku tatu atimize miaka 40, na wakati huo alikuwa mmoja wa waigizaji ghali zaidi duniani.

(Usimchanganye na Steve McQueen mwingine, Muingereza aliyeongoza filamu ya 12 Years a Slave. Ni majina tu yamegongana.)

Saa 12 zilipokwisha, gari lao lilikuwa la pili kati ya yote. Ferrari iliyowashinda ilikuwa na injini ya lita 5, wao walikuwa na lita 3. Usukani wa Ferrari hiyo alikuwa ameushika Mario Andretti, mmoja wa madereva wakubwa kuwahi kutokea, ambaye gari lake la kwanza liliharibika akahamishiwa jingine. Pamoja na yote hayo, tofauti ilikuwa sekunde 23 hivi.

Uwanja mzima ulimshangilia McQueen kama vile yeye ndiye ameshinda. Ila ukweli usemwe: muda mwingi gari liliendeshwa na mwenzake, Peter Revson, dereva wa kazi hiyo hasa. McQueen alibeba sehemu ndogo, na mguu mmoja mbovu. Lakini kwa mtu aliyekuwa akiambiwa kila siku kwamba yeye ni muigizaji tu anayecheza na magari, siku ile ilikuwa na maana kubwa kuliko filamu yoyote.

Kwa nini staa mwenye pesa na jina ahatarishe shingo yake namna hiyo? Ili umwelewe, rudi naye utotoni.

Mtoto asiye na wa kumtaka

Alizaliwa Machi 24, 1930 huko Beech Grove, jimbo la Indiana. Marekani ilikuwa imetumbukia kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, kazi hakuna, watu wanapanga foleni za mkate.

Baba yake, William, alikuwa rubani wa maonyesho, wale wanaopindua ndege angani ili watu walipe kiingilio. Steve akiwa na miezi michache tu, baba akaondoka na hakurudi. Mama yake, Julian, alikuwa msichana mdogo aliyependa pombe, na malezi yalimshinda.

Mtoto akapelekwa kwa babu na bibi, kisha wote wakahamia shambani kwa mjomba wa mama yake, Claude, kwenye mji mdogo wa Slater jimboni Missouri. Mzee Claude alikuwa mkali lakini mwenye haki. Steve alipofikisha miaka minne, mzee huyo akampa zawadi ya baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu. Miaka mingi baadaye, McQueen alikuwa akisema kwamba ugonjwa wake wa kasi ulianzia pale.

Ugonjwa wa masikio ukamwachia uziwi wa sehemu. Kusoma nako kulimpa tabu, herufi zilikuwa zikimchanganya. Darasani akaonekana mzito.

Halafu mama akawa anamchukua na kumrudisha, kila mara kukiwa na mwanaume mpya ndani. Baba wa kambo mmoja alimpiga, mwingine naye akampiga. Kijana akajifunza kulala nje, akaingia kwenye magenge ya wahuni wa Los Angeles, akawa anaiba vitu vidogo vidogo.

Mwisho wake mama akasaini karatasi, na Steve akapelekwa shule ya kurekebisha vijana watukutu, Boys Republic, iliyoko Chino, California.

Mwanzoni alitoroka. Akarudishwa. Lakini taratibu akapazoea, na wenzake wakamchagua kuwa mmoja wa viongozi wa vijana. Kwa mara ya kwanza kukawa na mahali ambapo akikosea anaadhibiwa na akifanya vizuri anasifiwa, bila kupigwa ovyo. Kumbuka jina la shule hiyo, tutalirudia.

Jeshini, na vumbi asilolijali

Alipotoka shule akiwa na miaka 16, alihangaika sana. Aliwahi kuwa baharia kwenye meli ya mizigo, akashuka kwenye Jamhuri ya Dominika na hakurudi melini. Akafanya vibarua vya kila aina.

Mwaka 1947 akajiunga na kikosi cha majini cha jeshi la Marekani, kile maarufu kama Marine. Huko nako utundu haukuisha. Likizo ya siku chache akaigeuza wiki mbili kwa sababu ya msichana, akafungwa jela ya jeshi siku 41.

Baadaye akatulia. Inaelezwa kwamba kwenye mazoezi ya baridi kali huko kaskazini, aliwatoa askari wenzake watano kwenye kifaru kilichokuwa kinazama kwenye barafu. Akafikia hatua ya kuwekwa kwenye kikosi cha heshima kilicholinda boti ya Rais Harry Truman.

Lakini kuna jambo moja la jeshini ambalo wakati ule halikumshtua mtu. Aliwahi kupewa kazi ya kubandua kitambaa kilichozungushiwa mabomba ya meli ili kuzuia joto. Kitambaa hicho kilitengenezwa kwa asbesto, madini yale yale yaliyotumika kutengenezea mapaa ya majengo mengi ya zamani. Ukiibandua inatoa vumbi laini sana, na vumbi hilo ukilivuta linaganda ndani ya mwili na kukaa miaka na miaka.

Steve alikuwa kijana. Akapiga kazi, akajipangusa vumbi, maisha yakaendelea.

Kuigiza wiki nzima, mbio mwisho wa wiki

Alitoka jeshini 1950. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipia karo waliotumikia jeshi, na mwaka 1952 McQueen akautumia kujiunga na shule ya uigizaji ya Neighborhood Playhouse jijini New York, chini ya mwalimu Sanford Meisner.

Hakwenda kwa sababu ya ndoto kubwa. Alikuwa ameshajaribu kila kitu, na hiki kilionekana chepesi kuliko kubeba mizigo.

Pesa ya kula aliipata kwingine. Mwisho wa wiki alikuwa akiingia kwenye mbio za pikipiki huko Long Island City, na akishinda anarudi na kama dola 100 mfukoni. Kwa mwanafunzi wa wakati ule huo ulikuwa mkwanja wa maana. Kwa hiyo mbio zilimlisha kabla ya filamu.

Mwaka 1955 alifanya usaili wa kujiunga na Actors Studio, chuo kilichotoa vichwa vingi vya Marekani. Walijitokeza watu wapatao 2,000. Waliochukuliwa wawili tu, yeye na Martin Landau.

Mwaka uliofuata akapata nafasi kwenye jukwaa la Broadway, akapata kijisehemu kidogo kwenye filamu ambayo nyota wake alikuwa Paul Newman, na akamuoa Neile Adams, mcheza densi ambaye wakati huo alikuwa anamzidi jina na kipato. Waliishi kwa pesa ya Neile huku mume akisubiri zamu yake. Walipata watoto wawili, Terry na Chad.

Anawika

Mwaka 1958 McQueen aliigiza kwenye filamu ya kutisha ya bajeti ndogo, The Blob. Aliambiwa achague asilimia ya mapato au dola 3,000 mkononi. Kwa kuwa alikuwa na njaa na hakuiamini filamu yenyewe, akachukua pesa mkononi. Filamu ikapiga mamilioni. Tangu hapo akawa mkali sana kwenye mikataba.

Mwaka huo huo akaanza kuonekana kwenye tamthilia ya televisheni ya Wanted: Dead or Alive, kisha 1960 ikaja The Magnificent Seven. Hakupewa maneno mengi ya kusema, lakini kila Yul Brynner, staa mkuu, alipokuwa anaongea, McQueen alikuwa pembeni anachezea kofia au kutikisa risasi. Macho ya watazamaji yakawa yanahamia kwake. Brynner alikasirika kweli kweli.

Mwaka 1963 The Great Escape ikammaliza kabisa kwa umaarufu. Ni hadithi ya wafungwa wa vita wanaotoroka kambi ya Wajerumani, na kipande kinachokumbukwa na wengi ni kile cha pikipiki. Sehemu kubwa aliendesha mwenyewe. Inasemwa hata baadhi ya Wajerumani wanaoonekana wakimfukuza ni yeye yule yule ndani ya sare nyingine, maana hakukuwa na mwingine wa kwenda naye kasi.

Ila ule mruko maarufu wa kuvuka uzio hakuufanya yeye. Watu wa bima walikataa. Aliyeruka ni rafiki yake Bud Ekins, muuza pikipiki wa California, na McQueen hakuficha jambo hilo. Kila aliposifiwa kwa mruko ule, aliwaambia watu kwamba sifa ni za Bud.

Magari hayakuwa mchezo kwake

Wakati studio zikimwona kama pesa inayotembea, yeye alikuwa bize na magari. Mwaka 1959 aliingia mbio za magari za Santa Barbara na Porsche yake ndogo, daraja la wanaoanza, akashinda. Mwaka 1961 akiwa Uingereza kwa kazi ya filamu, akaenda kushindana kwenye uwanja wa Brands Hatch na kigari cha Mini, akamaliza wa tatu.

Mwaka 1964 aliingia kwenye timu ya pikipiki ya Marekani kwenye mashindano ya dunia ya siku sita yaliyofanyika Erfurt, Ujerumani Mashariki. Staa wa Hollywood, katikati ya vita baridi, anaendesha pikipiki kwenye matope ya nchi ya kikomunisti. Siku ya tatu akaanguka na kutoka mashindanoni.

Kwenye mbio nyingine alijiandikisha kwa jina la bandia, Harvey Mushman, ili studio zisijue. Kwenye filamu kila kitu kilikuwa cha kuigiza: bunduki hazina risasi, ngumi hazigusi, na ukikosea mnarudia. Barabarani kosa halirudiwi, na saa ya kupimia muda haijui wewe ni nani. Hapo ndipo mtoto yule wa Slater aliweza kujua kama kweli anaweza.

Bullitt: dakika karibu 11 zilizobadili filamu

Kama hujawahi kusikia jina lake, basi huenda umeona matunda ya kazi yake. Kila filamu ya leo yenye magari yanayofukuzana mjini ina deni kwa Bullitt ya mwaka 1968.

McQueen anaigiza askari mpelelezi wa San Francisco. Kwenye mitaa ya milima ya jiji hilo, Ford Mustang yake ya kijani inafukuzana na Dodge Charger nyeusi kwa dakika karibu 11. Hakuna muziki humo, ni ngurumo za injini na vilio vya matairi. Kuna sehemu kasi ilipita kilomita 170 kwa saa, magari yakiruka juu kila yakivuka kilima.

McQueen aliendesha baadhi ya vipande na vile vya hatari zaidi wakapewa wataalamu, akiwemo Bud Ekins. Ukiwa na jicho kali utaona kioo cha ndani cha Mustang: kikionyesha uso wake ndiye yeye, kikiwa kimegeuzwa ni mtu mwingine. Na utaona Volkswagen ile ile ya kijani ikipitwa zaidi ya mara moja, maana kipande kimoja kilipigwa na kamera kadhaa. Hata hivyo filamu ilichukua tuzo ya Oscar ya uhariri.

Mustang yenyewe ina hadithi yake. Mwaka 1974 familia moja iliinunua, wakawa wanaliendesha kama gari la kawaida. Mwaka 1977 McQueen akawaandikia barua akiomba wamuuzie. Hakujibiwa alivyotaka. Gari likakaa miongo mingi bila ulimwengu kujua liko wapi, hadi lilipoonyeshwa hadharani 2018. Januari 2020 likapigwa mnada kwa dola milioni 3.74, wakati familia ilikuwa imelipa dola 3,500.

Le Mans: ndoto iliyomla

Baada ya ile nafasi ya pili ya Sebring, McQueen akaona wakati umefika wa kutengeneza filamu aliyoiota kwa miaka: filamu ya kweli kuhusu mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Hakutaka mapenzi mengi wala hotuba. Alitaka mtazamaji ajue dereva anavyojisikia.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa kushindana mwenyewe kwenye mbio za Juni 1970, akipokezana Porsche 917 na bingwa wa Formula One, Jackie Stewart. Waliotoa pesa wakakataa. Staa akifa, filamu na mamilioni yao vinakufa naye. Kwa hiyo siku ya mbio McQueen alikuwa pembeni, anatazama. Gari lake lile la Sebring liliingia mbioni likiwa limefungwa kamera, wakaliendesha watu wengine.

Upigaji picha ukaendelea hadi Novemba, na mambo yakaanza kuharibika. Hadithi iliyokamilika haikuwepo. Madereva halisi walilipwa kuendesha kwa kasi ya kweli siku baada ya siku. Muongozaji John Sturges, aliyefanya naye The Magnificent Seven na The Great Escape, akachoka akaondoka. Wenye pesa wakaingilia kati, na ili filamu isisimamishwe McQueen akalazimika kuachia malipo yake na usemi aliokuwa nao.

Kisha ikatokea ajali. Dereva Muingereza, David Piper, aligonga akiwa kwenye Porsche 917, na sehemu ya chini ya mguu wake wa kulia ikakatwa. Ilikuwa kazi ya filamu tu, hakukuwa na kombe la kugombania.

Nyumbani nako kulikuwa kunawaka. McQueen alikuwa na wanawake nje, alitumia dawa za kulevya, na Neile alikuja kueleza baadaye kwenye kitabu chake kwamba kuna nyakati alimpiga. Mtoto aliyepigwa na baba wa kambo akawa mume anayepiga. Hilo halifutwi na umaarufu wowote. Waliachana 1972.

Filamu ilitoka Juni 1971 na haikuingiza kilichotarajiwa. Kampuni yake ikayumba, urafiki mwingi ukavunjika. Leo wapenzi wa magari wanaiona Le Mans kuwa filamu bora kabisa ya mbio kuwahi kutengenezwa. Lakini wakati ule ilimuuma sana, na baada ya hapo hakushindana tena kwa nguvu ile ya zamani.

Na kuna kinaya kidogo hapa. Mpinzani wake mkubwa Hollywood, Paul Newman, naye aligeuka dereva wa mbio. Mwaka 1974 wawili hao walikutana kwenye The Towering Inferno, wakavutana hadi juu ya jina la nani litangulie kwenye bango. Wakaelewana hivi: la McQueen liwe kushoto lakini chini kidogo, la Newman kulia lakini juu kidogo. Miaka mitano baadaye, 1979, Newman akiwa na miaka 54 alishindana Le Mans yenyewe na timu yake ikashika nafasi ya pili. Mbio zile zile McQueen alizozuiwa.

Kikohozi

Alimuoa muigizaji Ali MacGraw 1973, wakaachana 1978. Akaanza kukwepa filamu, akafuga ndevu, akawa anakusanya pikipiki za zamani hadi zikazidi 100.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 akahamia Santa Paula, mji mdogo California, kwenye uwanja wa ndege. Kwa muda aliishi kabisa ndani ya banda la ndege. Akanunua ndege ya zamani ya njano aina ya Stearman, yenye mabawa mawili juu na chini, akajifunza kuirusha. Watu walishangaa. Lakini baba yake alikuwa rubani wa ndege za aina hiyo. Miaka ya nyuma Steve aliwahi kumtafuta baba huyo, na alipopata habari zake akakuta ameshafariki. Kilichobaki ilikuwa kuruka kama alivyoruka yeye.

Ni huko pia, kupitia mwalimu wake wa urubani, alianza kwenda kanisani.

Tangu 1978 alikuwa na kikohozi kisichopona. Aliacha sigara, akatumia dawa, hakikukoma. Desemba 1979 madaktari wakampa jibu: mesotelioma, kansa ya utando unaozunguka mapafu. Haina tiba, na kinachoileta mara nyingi ni vumbi la asbesto.

McQueen mwenyewe aliamini ni lile la kwenye mabomba ya meli, miaka kama 30 nyuma. Pia suti na vifaa vya madereva vya kujikinga na moto vya enzi hizo vilikuwa na asbesto, kwa hiyo huenda hata nguo aliyovaa ili asife barabarani ilichangia. Madaktari hawakuweza kusema kwa uhakika ni ipi.

Januari 1980 akamuoa mke wa tatu, mwanamitindo Barbara Minty. Akaficha ugonjwa hadi gazeti moja la udaku lilipoutoa.

Madaktari wa Marekani waliposema hawana la kufanya, akavuka mpaka kwenda Mexico, kwenye matibabu ya mbegu za aprikoti, sindano za seli za wanyama na kusafishwa tumbo kwa kahawa, chini ya mtu aliyewahi kuwa daktari wa meno na kupoteza leseni. Hakuna ushahidi kwamba hayo yanatibu kansa. Lakini mtu anayezama hushika hata jani, na huyu hakuwahi maisha yake yote kukubali kwamba mbio zimeisha.

Novemba 1980 aliingia hospitali moja ya Ciudad Juárez, Mexico, kwa jina la bandia kama zamani za Harvey Mushman, ili atolewe uvimbe tumboni na shingoni. Upasuaji ulikwisha. Saa kadhaa baadaye, alfajiri ya Novemba 7, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 50. Kabla ya safari hiyo mhubiri Billy Graham alikuwa amemtembelea na kumwachia Biblia yake. Majivu yake yalimwagwa Bahari ya Pasifiki.

Kilichobaki

Bei za vitu vyake leo ni balaa. Porsche 917 iliyotumika kwenye Le Mans iliuzwa 2017 kwa zaidi ya dola milioni 14. Saa ya mkononi ya Heuer Monaco aliyoivaa kwenye filamu hiyo ilienda kwa zaidi ya dola milioni 2 mwaka 2020.

Lakini kuna kitu kingine alichokiacha, na hakipigwi mnada.

Enzi za umaarufu wake, watayarishaji wa filamu walikuwa wakimlalamikia kwa tabia moja ya ajabu. Kila akisaini mkataba alidai apewe suruali za jinsi na mashine za kunyolea ndevu, tena kwa wingi. Walidhani ni uroho wa mtu aliyekulia kwenye shida.

Kumbe vyote vilikuwa vinakwenda Chino, kwa vijana wa Boys Republic. Na hakuishia kutuma mizigo. Alikuwa anaenda mwenyewe, anakaa na vijana wale, anapiga nao stori na kucheza nao pool. Barua walizomwandikia alizijibu, huku za wengi wengine akiziacha. Baada ya kifo chake, shule ilijenga jengo la michezo na mapumziko na kulipa jina lake.

Vijana wale hawakumuuliza alikuwa wa pili au wa ngapi Sebring. Walichoona ni mtu aliyewahi kulala kwenye vitanda kama vyao, na ambaye, tofauti na baba yake, alikuwa akiondoka anarudi tena.